GARI LINAPOVUMA NYUMA: BERINGI, SILI NA WATOTO WETU (SEHEMU YA 6)

 

Sehemu ya 5 tuliongea kuhusu mtoto kukaa kiti cha nyuma badala ya kupakatwa mbele. Baada ya hapo mama mmoja akaniandikia: "Sista, nimemhamishia mwanangu nyuma kama ulivyosema, lakini huko nyuma gari linavuma kama ndege inataka kuruka. Ni kawaida?"

Mama yangu, hapana. Si kawaida. Na kwa kuwa na sisi hapa Masama tumetoka kwenye jambo hilohilo mwezi wa nne, leo naliandika lote, refu, ili ukienda gereji ujue unachoambiwa.

Wengine mtasema beringi ni mambo ya akina baba. Sawa. Lakini hizi Starlet, Vitz na IST, anayeziendesha kupeleka watoto shule, kliniki, kanisani na sokoni Kwa Sadala ni nani? Ni sisi. Sauti mbaya tunaisikia sisi kwanza. Tukisema, tunaambiwa "ni matairi hayo, ongeza redio."

BERINGI NI NINI, NA SILI NI NINI

Umeshaona watoto wakitengeneza gari la mbao na kulifunga magurudumu ya chuma yanayolia barabarani? Yale magurudumu ni beringi za zamani. Ukiishika mkononi utaona ringi mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake kuna goroli. Ringi moja inakaa, nyingine inazunguka. Kwenye gari kazi ni hiyohiyo: tairi lizunguke huku chuma cha ekseli kimetulia, na uzito wote wa gari uko hapo katikati.

Magari madogo ya zamani kama Starlet yetu ya 1997 yana beringi mbili kila tairi la nyuma, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Badala ya goroli zina roli ndogo zilizolala kwa mshazari, nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine. Aina hii ya beringi si ya juzi. Bwana Henry Timken wa Marekani, mtengenezaji wa magari ya farasi, aliiwekea hati miliki mwaka 1898, kwa sababu magari ya farasi yaliyobeba mzigo mzito yalikuwa yanasumbua kwenye kona. Roli za mshazari zinabeba uzito wa kutoka juu na pia ule wa kusukumwa pembeni. Na kona, sisi watu wa mlimani tunazo.

Roli zile zinaogelea kwenye grisi. Sasa nani anaizuia grisi isitoke, na maji na matope yasiingie? Hapo ndipo anakuja sili. Mafundi wengi wanaiita oilisili. Ni ringi ya mpira yenye mifupa ya chuma ndani, na mdomo mwembamba unaobana chuma cha ekseli. Ukiiona dukani utaidharau. Mimi nilinunua moja kwa shilingi 6,000. Lakini beringi nyingi zinakufa kwa sababu sili ilikufa kwanza.

Kumbukeni hapo. Mpira ukizeeka unakauka, unapasuka mdomo. Grisi inaanza kutoka kidogokidogo, na maji yanaingia. Chuma kinapata kutu, kutu inageuka mchanga, na roli zinajisaga zenyewe.

KWA NINI HUKU KWETU ZINAKUFA

Angalia njia yetu. Juu huku Masama masika ni matope na maji yanayokatiza barabara. Ukishuka kuelekea tambarare kiangazi ni vumbi laini kama unga. Gari moja linapata vyote viwili, wakati mwingine siku moja.

Halafu kuna mteremko. Kutoka nyumbani mpaka Kwa Sadala mguu hauachani na breki. Ukielekea Moshi unashuka tena Kikafu. Kwenye gari kama letu beringi za nyuma zimekaa ndani ya dramu ileile ambayo breki zinabana. Breki zikichemka, joto linaifikia na grisi. Grisi ya bei rahisi inalainika, na sili iliyozeeka inaiachia itoke.

Na mzigo! Watoto wanne nyuma, ndoo ya maziwa, mikungu miwili ya ndizi, na bibi mmoja aliyeombwa lifti. Tunajuana.

DALILI ZENYEWE

Dalili ya kwanza ni mvumo. Unaanza taratibu ukifika kilomita 40 au 50 kwa saa, unakua na mwendo. Ukitoa gia ukaacha gari litembee lenyewe kwenye tambarare, sauti inabaki. Hiyo inakuonyesha kwamba inafuata tairi, haifuati injini.

Dalili ya pili iko kwenye kona. Ukikata kulia, uzito unalalia upande wa kushoto. Kama beringi ya kushoto ndiyo mgonjwa, mvumo unaongezeka hapo. Ukikata kushoto unapungua. Tairi lililolika vibaya nalo linavuma, lakini mara nyingi sauti yake inabadilika ukitoka lami moja kwenda lami nyingine, na kona haiigusi sana.

Dalili ya tatu ni joto. Baada ya safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na katikati ya tairi, usiguse. Fanya hivyo pande zote mbili. Baada ya mteremko zote zitakuwa na joto la breki, unachotafuta ni tofauti. Mmoja ukiwa na homa na mwenzake hana, una jibu.

Dalili ya nne, angalia upande wa ndani wa tairi, kule chini ya gari. Ukiona unyevu mweusi wa mafuta, inaweza kuwa grisi imepita sili, au maji ya breki yanavuja. Vyote viwili ni vya kwenda kwa fundi siku hiyohiyo.

Ya tano ni ya fundi: tairi likiwa juu ya jeki, analishika juu na chini na kulitikisa. Kisha analizungusha kwa mkono na kusikiliza. Likicheza, au likikwaruza kama kuna mchanga, kazi imeshajulikana.

Sasa ukiendelea kutembea nalo je? Grisi inalowesha breki shuu, vile vipande viwili vya nusu mwezi vinavyobana dramu. Breki za upande huo zinateleza. Na kwenye gari kama letu hendibreki inafanya kazi hukohuko nyuma. Fikiria umeegesha uani kwenye mteremko, umevuta hendibreki, watoto wanacheza mpira nyuma ya gari. Huo ndio wasiwasi wangu mkubwa, kuliko hata barabarani. Na beringi ikiachwa mpaka mwisho inaweza kukwama ghafla, au kusagika kabisa mpaka tairi linachomoka na dramu yake.

SIKU TULIPOAMUA

Letu lilianza kuvuma Jumatatu nikitoka zamu ya usiku. Jumatano mchana fundi akalipandisha juu. Kushoto nyuma likacheza mkononi mwake. Akafungua, akanionyesha: sili imepasuka mdomo, grisi imekuwa nyeusi na maji yameifanya kama uji, na kwenye roli za beringi ya ndani kuna madoa na vijishimo. Breki shuu moja imeshalowa.

Akasema, "Sista, hali najua ni ngumu. Naweza kuziosha na petroli, nikapaka grisi mpya, unasukuma mpaka mwisho wa mwezi. Elfu kumi tu."

Sikumlaumu. Anatuona wengi ambao tunaomba hivyohivyo. Na siku ile elfu kumi ilikuwa inaniita kwa jina, maana ada ya watoto ilitakiwa Ijumaa. Baba watoto yuko kazini mbali, kwenye simu akaniambia, "Gari si linatembea? Lipa ada kwanza."

Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Jirani yangu wa nyumba ya tatu alikuwa na mimba ya wiki 38. Tulishakubaliana kwamba uchungu ukianza, hata iwe saa nane usiku, gari letu ndilo litamshusha. Spea zilikuwa hadi Moshi mjini, na fundi alikuwa na gari la mtu mwingine mbele yetu. Tukifanya kazi kamili, gari litakaa juu ya stendi mpaka Jumamosi. Tukiosha na petroli, jioni ileile liko uani.

Nilimuuliza fundi swali moja: "Petroli itarudisha chuma kilichotoka kwenye hizi roli?" Akacheka. "Hapana, sista." "Na hii sili iliyopasuka itazuia grisi mpya?" "Itazuia siku mbili tatu."

Basi. Gari ambalo siwezi kumpakia mwanangu siwezi kumpakia mjamzito usiku kwenye mteremko, mvua inanyesha. Nikasema libaki.

Nikapanda kwa jirani kumwambia mwenyewe, ana kwa ana. Hakufurahi. "Yaani wiki hii ndiyo umeona ya kutengeneza gari? Nipande boda na tumbo hili?" Nilimwelewa kabisa. Tukakaa chini na mama mkwe wake, tukapanga upya. Begi lake likae tayari mlangoni. Namba ya dereva wa Noah wa pale njia panda ikaandikwa kwenye karatasi na kwenye simu mbili. Tukaandika na namba 115, ya mfumo wa m-mama, ambayo kupiga ni bure, kwa ajili ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Na la muhimu kuliko yote, aende akalale kwa dada yake Boma Ng'ombe, chini, karibu na hospitali ya wilaya, asisubiri uchungu akiwa juu mlimani. Alikwenda Alhamisi asubuhi, bado amenuna.

Shuleni nilikwenda mwenyewe. Nikalipa sehemu ya ada na kuomba wiki mbili kwa iliyobaki. Mhasibu akakubali. Wakati mwingine tunaogopa kuuliza tu.

KUNUNUA SPEA

Usiende dukani na jina la gari peke yake. Nenda na beringi ya zamani mkononi. Pembeni yake kuna namba iliyochongwa kwenye chuma, hiyo ndiyo inatafutwa. Sili nayo ibebe hivyohivyo.

Beringi ya roli inakuja na kikombe chake, ile ringi ya nje inayokaa ndani ya dramu. Beringi na kikombe ni mume na mke. Fundi akikwambia "kikombe cha zamani bado kizuri, tubadilishe beringi tu," mkatalie kwa upole. Kikombe kilichochimbika kitaila beringi mpya.

Feki zipo. Angalia kama maandishi kwenye chuma yanasomeka vizuri na yanalingana na boksi, zungusha kwa kidole usikie kama inakwaruza, na omba risiti. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, jiulize kwa nini.

Sisi mahesabu yalikuwa hivi: beringi mbili za kushoto na vikombe vyake shilingi 40,000. Sili mbili, za pande zote mbili, 12,000. Breki shuu seti nzima 30,000. Grisi ya beringi inayostahimili joto 8,000. Kotapini mbili 2,000. Ufundi 30,000. Jumla 122,000. Kwako bei inaweza kuwa tofauti.

Breki shuu zinabadilishwa pande zote mbili hata kama iliyolowa ni moja. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine, gari linaweza kuvuta ukikanyaga breki.

Wenye magari ya baadaye kidogo, mengi yanakuja na habu nzima iliyofungwa na beringi na sili ndani yake. Hayo hayapakwi grisi, inatoka nzima inaingia nzima. Muulize fundi lako ni la aina gani kabla hujanunua.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Nilikaa pale gereji Jumamosi nikaangalia mwanzo mwisho. Wewe huhitaji kushika spana. Unahitaji kujua kipi hakiruhusiwi kurukwa.

1. Gari liko mahali tambarare. Mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, gia imeingizwa. Nati za tairi zinalegezwa kidogo kabla ya kupandisha. Hendibreki inaachiwa, vinginevyo dramu haitoki.

2. Jeki inapandisha, stendi inabeba. Jeki ni ya kupandishia tu. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Nimepokea majeruhi wa namna hiyo wodini, sitasimulia.

3. Tairi linatoka, kisha kifuniko kidogo cha katikati, kotapini, kofia ya nati, nati na washa. Dramu inavutwa polepole kwa sababu beringi ndogo ya nje inatoka nayo na inaweza kuanguka mchangani.

4. Sili ya zamani inang'olewa, beringi ya ndani inatoka. Sili haivaliwi mara mbili. Ikishang'olewa ni takataka.

5. Vikombe vya zamani vinagongwa kutoka ndani, upande huu kidogo, upande ule kidogo, visilale. Vipya vinaingizwa vivyo hivyo. Fundi wetu alitumia kipande cha shaba ili asichubue. Kikombe kikifika mwisho, mlio wa nyundo unabadilika, unakuwa mzito.

6. Grisi. Hii ndiyo kazi nzuri kuiangalia. Anaweka bonge kiganjani, anaisukuma beringi kwenye grisi kwa upande mpana mpaka inatokeza upande wa pili, anazunguka yote. Kupaka juujuu kwa kidole hakutoshi, ndani roli zinabaki kavu. Na grisi mpya haichanganywi na ya zamani: kwanza panasafishwa na kukaushwa kabisa.

7. Beringi ya ndani inaingia, kisha sili mpya inagongwa taratibu ikae sawa bila kupinda, mdomo wake ukiwa umepakwa grisi kidogo. Dramu inafutwa safi pale breki zinapobana.

8. Nati. Mama, hapa simama karibu. Fundi anakaza huku akizungusha dramu ili roli zikae mahali pake, kisha analegeza, kisha anarudisha kwa kipimo cha mtengenezaji, ambacho ni kidogo kuliko unavyodhani. Ikibanwa sana beringi inaungua. Ikilegea tairi linacheza. Anayesimama juu ya spana kwa mguu kukaza nati hii, mwambie ashuke.

9. Kotapini mpya, inakunjwa. Ndicho kitu kidogo kuliko vyote na ndicho kinachozuia nati isijifungue. Ya zamani isinyooshwe ikarudishwa.

10. Breki zinarekebishwa, hendibreki inapimwa, nati za tairi zinakazwa kwa mkato, hii na ya mkabala wake. Baada ya kama kilomita 50 hadi 100, rudi zikaguliwe.

Upande wa kulia tulipofungua, beringi zilikuwa nzima: roli zinang'aa, hakuna kijishimo, hakuna rangi ya kuungua. Hizo sasa ziliwekwa sawa na za kuoshwa. Zikaoshwa, zikakaushwa, zikajazwa grisi mpya, zikapewa sili mpya. Kumbe kuosha si kosa. Kosa ni kuosha kilichokwisha kufa na kukiita kizima.

SASA NIVAE SARE YANGU

Kuna mambo matatu ya afya hapa, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwanza, vumbi la breki. Dramu ikifunguliwa kuna unga mweusi ndani. Usiache mtu aupulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, hasa watoto wakiwa karibu. Breki shuu za zamani, na baadhi ya za bei rahisi, zinaweza kuwa na asbestosi, na asbestosi ikiingia kwenye mapafu haitoki. Madhara yake yanaonekana baada ya miaka mingi, pamoja na saratani. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha kufuta. Na baba watoto akirudi na ovaroli la gereji, lisifuliwe pamoja na nepi wala nguo za mtoto.

Pili, petroli ya kuoshea. Gereji nyingi inakaa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mafundi wengine wanafanyia kazi nyumbani, chupa inabaki uani. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, anajua chupa ya soda. Akinywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe. Usimpe maziwa ili atapike, usimwingize kidole kooni. Yakipanda kwa kutapika yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mkimbize hospitali, na uende na chupa tuione. Hata kama anaonekana mzima, nenda.

Tatu, usikae na mtoto ndani ya gari lililopandishwa. "Amelala, tusimwamshe" si sababu. Mwamshe.

JIRANI YANGU

Alijifungua Ijumaa usiku, gari letu likiwa bado juu ya stendi. Uchungu ulianza saa tatu, dada yake akaita gari, wakafika hospitali muda mfupi tu kwa sababu walikuwa chini tayari. Mtoto wa kike, kilo 3.1. Nilipata ujumbe nikiwa zamu, nikakaa chini kwanza kabla ya kuujibu.

Jumapili mchana nilikwenda kuwachukua kwa dada yake, gari likiwa limetengenezwa. Nililijaribu kwanza mwenyewe, nikiwa peke yangu, kwenda na kurudi. Nikasimama, nikapima joto pande zote mbili, zikalingana. Ndipo nikampakia mama na mtoto nyuma. Tulipoanza kupanda Masama, kulikuwa kimya mpaka mtoto akipumua unasikia. Jirani akaniambia, "Bado nina hasira kidogo, ujue." Nikamwambia ana haki. Tukacheka, lakini najua alimaanisha. Kumnyima mtu gari katika wiki ya 38 si jambo la kucheka.

Lakini ningeambiwa niamue tena, ningeamua hivyohivyo. Kwenye vijiji vyetu, mwenye gari ana ambulansi ya watu kumi bila kuandikiwa. Ukikubali kuwa msaada wa watu usiku, gari hilo lazima liwe zima kabla ya usiku wenyewe. Likiwa bovu, sema mapema, ili wapange njia nyingine.

NENO LA KUONDOKA NALO

Kesho asubuhi kabla ya shule, zima redio. Endesha kilomita mbili ukisikiliza nyuma. Mwambie mtoto mkubwa naye asikilize, wao wana masikio. Jioni pima joto la matairi mawili ya nyuma. Mwisho wa wiki inama uangalie upande wa ndani wa tairi. Gari likiingia gereji kwa ajili ya breki za nyuma, na ni la aina ya beringi zinazofunguka, mwambie fundi aangalie sili, na kila sili iliyotoka ibadilishwe.

Beringi mara nyingi inakupa muda wa kutosha kuisikia. Inavuma kwa siku, hata wiki. Muda huo ni wa kutafutia hela na kupanga, usiumalizie kwenye kuongeza redio.

Mwenye swali aliweke hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Na mafundi mliomo humu, ongezeni palipopungua, tunajifunza kwenu. Sehemu ya 7 tutaongea kuhusu mtoto anayetapika garini kwenye kona za mlimani, maana maswali yamezidi.

Mtumie na mwenzako mwenye gari linalovuma. Usiku mwema.